Zawadi ya Salha

Asubuhi mlango wa maktaba ulikataa kunifungukia.

"Bibi, una kioo cha kusomea nyumbani?" Mhina, mtunza maktaba, aliniuliza kutoka ndani.

"Mjukuu wangu Salha kaniletea jana. Kina vitabu vyote vya dunia."

Akainamisha kichwa. "Basi mlango umeshajua. Siku hizi maktaba ni ya wasio nacho tu. Hata ukikirudisha, hautafunguka."

Pale ndani wazee tulizoea kusomeana kwa zamu, mmoja akichoka macho mwenzake anampokea. Mmoja wao, Bi Mwanahamisi, akanipungia mkono dirishani. "Nenda zako, tajiri," akanitania, ila hakucheka. Mhina akanitolea kiti nje ili nipumzike kwanza.

Nyumbani Salha alinikumbatia. "Bibi, umekipenda?"

"Nimekipenda, mke mwenzangu."

"Nilijua. Kazini tumechangishana. Kesho wenzako wote wa maktaba wanaletewa vyao."

Akilini niliwaona wote, kila mmoja peke yake nyumbani na kioo chake, na Mhina akipanga viti visivyo na wa kuvikalia.

Salha aliona machozi yangu, akadhani ni ya shukrani, akanifuta taratibu kwa kanga yake.