Mita Mbili na Ishirini

"Pima tena," Winchi alisema. "Usinihurumie."

Shemeji yake alipiga magoti akanyoosha futi kamba sakafuni, kutoka mstari wa chaki hadi kisigino cha Winchi. Mita mbili na sentimita kumi na moja. Mara ya kwanza alikuwa amesoma kumi na tano, kwa upendo tu, naye Winchi akang'amua.

Shemeji huyu, mdogo wa marehemu mkewe, ndiye aliyeendesha ule ukumbi wa mazoezi. Winchi lilikuwa jina lake la utani ghalani, ambako alipakia saruji, na magunia mawili mgongoni hayakumzuia kupiga soga.

Miaka mitatu mkewe alimsihi aongeze mazoezi ya kuruka. Winchi alikuwa akifika, anaweka chuma mabegani, anachuchumaa na kilo mia na arobaini, anainuka, basi, anakwenda kuoga. Mkewe alimwambia ana miguu ya tembo: nguvu tele, haraka hakuna. Yeye akamjibu kwamba hajawahi kuona gunia la saruji linalotaka kurukiwa. Ukumbi mzima ulicheka, na mkewe akacheka nao.

Kisha ikaja mvua ile. Daraja la nyuma ya ghala lilikatika mkewe akiwa juu yake, anamletea chakula cha mchana. Alibaki kwenye kipande kilichosimama katikati ya mto, mguu umebanwa na boriti. Boriti yenyewe Winchi angeinyanyua kwa pumzi moja. Lakini kwanza amfikie, na pale ukingoni hapakuwa na nafasi hata ya kukimbia. Alikunja magoti ili aruke, akayanyoosha. Akakunja tena. Watu waliokimbilia ngazi walifika maji yamekwisha kupita juu ya boriti.

Mto ulipopungua alirudi akalipima lile pengo kati ya ukingo na kile kipande. Mita mbili na ishirini. Wiki iliyofuata alikuja ukumbini akaomba afundishwe kuruka.

Shemeji alimpangia Jumatatu na Alhamisi. Achuchumae na chuma kizito mara tano, apumzike, kisha aruke juu ya kasha la mbao mara tatu, mwili mzima ukifyatuka kwa pamoja, na ashuke kwa hatua ili asiumize magoti. Nguvu unazo, alimwambia, tunazifundisha tu zitoke upesi. Baadaye wakaongeza kuruka mbele, kutoka chaki hadi chaki, bila kukimbia.

Namba zilipanda. Kila zilipopanda watu walipiga makofi, na kinyozi mmoja aliyekuja kupunguza kitambi akauliza kama mwenzao anataka kuhamia kwa vyura. Winchi hakucheka. Alikwenda kunawa uso na kukaa huko muda mrefu. Walisema ni unyenyekevu.

"Ukiivuka hiyo ishirini, shemeji, utapata usingizi," mdogo wa mkewe alimwambia siku moja.

"Nikishajua, nitalala," Winchi alijibu.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba wa mazoezi alisimama kwenye chaki, akakunja magoti, akaruka. Visigino vyote viwili vilitua ng'ambo ya mstari wa pili, ule wa mita mbili na ishirini. Shemeji alipima mara mbili, safari hii kwa haki. Mbili na ishirini na tatu. Alimkumbatia huku machozi ya furaha yakimtoka, akasema laiti dada angekuwepo.

Winchi alijitoa mikononi mwake taratibu, akaketi sakafuni, akaitazama ile nafasi kati ya mistari miwili.

"Miezi saba tu," alisema. "Naye alinisihi miaka mitatu."

Ndipo shemeji yake alipoelewa kwamba, muda wote huo, mtu huyu alikuwa akiruka kwa nguvu zake zote huku akimwomba Mungu ashindwe.