Mashine ya Pimbi

Walikuwapo wasusi wawili, Nungunungu na Pimbi, vibanda vyao vimepakana, na huyo Pimbi wivu ulikuwa umemjaa mpaka kooni.

Nungunungu alisukia mkekani. Chanuo lake lilikuwa mwiba aliouchomoa mgongoni mwake mwenyewe, na mafuta yake ya nazi aliyatia kwenye kopo kuukuu. Hata hivyo mkeka ulijaa wateja, na vicheko vyao vilimchoma Pimbi kutwa nzima.

"Wanasukwa kwa mwiba, halafu wanacheka!" alifoka Pimbi. "Wamelishwa nini hawa?"

Akanunua mashine ya umeme ya kukaushia nywele. Ikanguruma, wateja hawakuja. Akanunua kubwa zaidi. Ikanguruma zaidi, na hata nzi hakutia mguu.

Siku moja umeme ukakatika. Pundamilia na Ngiri, waliokosa nafasi kwa Nungunungu, wakachungulia kwa Pimbi, wakaingia na kuketi.

"Kumbe hapa napo pazuri," alisema Pundamilia. "Leo angalau tunasikilizana. Shoga, nisuke taratibu, nikupe umbea wote wa harusi ya Swala."

Pimbi nusura alie kwa furaha. Leo Nungunungu atanitambua, aliwaza.

"Shoga zangu, msiondoke!" alisema. "Nakimbilia jenereta, mashine iwake!"

Akarudi nalo anahema, akaliwasha. Jenereta likanguruma, mashine ikanguruma, na Pimbi akawa anakenua meno kuelekea kwa jirani, asisikie hata wateja wake walipomuaga.