Uvimbe Usio na Hewa

"Uvimbe wako hauna hewa huko ndani, mzee," daktari alisema, akigusa picha ya shingo kwa kalamu. "Pasipo hewa, mionzi haiuunguzi sawasawa. Tutaendelea nayo, ila sikufichi: matumaini ni haba."

Lukindo alikuwa mchoma mkaa. Miaka thelathini alifukia magogo kwa udongo, yakose hewa, moto usiyamalize. Alielewa upesi.

"Basi toboa tundu," alisema kwa sauti iliyokwaruza.

Daktari aliirudisha picha kwenye bahasha.

Asubuhi mkewe alimkuta kwenye tanuri lao, analitoboa ubavuni kwa mpini wa jembe. Moshi ulishageuka mwali.

"Baba Sechonge! Mkaa wote utakuwa jivu!"

Mkono mmoja wa Lukindo ulikuwa shingoni, mwingine ukichimba tundu jipya.