Barua ya Subilaga

Miaka hiyo wakili hakuruhusiwa kujiandikia wasifu wala barua ya kuomba kazi. Aliandikiwa na mtu anayeishi naye nyumba moja, na mashine ya kupima ukweli ilikataa kila sentensi ya uongo.

Tumpale na mdogo wake Subilaga, wote mawakili, waliishi pamoja Mbeya. Ofisi moja ya mawakili ilipotangaza nafasi moja, wote wawili waliitaka. Tumpale alikuwa ameomba kazi miaka mitatu bila kuitwa hata kwenye usaili. Subilaga alikuwa ameapishwa mwezi uliopita tu, na tayari majaji walimjua kwa jina.

Asubuhi ile walikaa meza moja, kila mmoja akimwandikia mwenzake. Tumpale aliandika shahada za mdogo wake, tuzo zake na kesi alizosaidia. Kila mstari ulimchoma. Mwishoni akaongeza: "Mteja akilia, naye hulia." Ilikuwa kweli, na hakuna ofisi ambayo ingemtaka wakili wa hivyo. Mashine ikaipokea. Akaituma barua haraka, kabla moyo haujamsuta.

"Dada, umemaliza?" Subilaga aliuliza.

"Nimemaliza. Na wewe?"

"Bado. Mashine imekubali yote isipokuwa sentensi moja." Aligeuza kioo ili dada yake asome. "Nimeandika kwamba hujawahi kunionea wivu hata siku moja. Nimejaribu mara nne. Hebu niambie, nimekosea wapi?"

Tumpale aliinuka, akaanza kukusanya vikombe vya chai ambavyo bado vilikuwa vimejaa.