Kichwa Kisichochoreka

Mjini kwetu mlango haumtazami mtu, unatazama picha yake iliyo kwenye mfumo. Picha ikitetemeka, mlango haufunguki. Na nywele zetu za kipilipili hutetemesha picha, maana mfumo haujui kuzichora.

Mimi ndiye ninayerekebisha kasoro za picha hizo. Nilimwambia mkuu wetu, Bwana Kerenge, kwamba kosa ni la programu, tena linarekebishika.

“Itachukua muda, Sikudhani. Wanyolewe tu.”

Eti wanyolewe! Nani hukata vidole kwa sababu kiatu kinambana?

Mji mzima ukanyoa. Binti yangu Zamda nilimwacha, nikawa namfunga kilemba. Leo nimekivua, nimemkalisha katikati ya magoti yangu, namsuka twende kilioni.

Kwenye simu yangu ya kazi, inayonionyesha picha za mfumo, nikaona kichwa chake kinatetemeka, kinakatika vipande, kisha kinatoweka. Likabaki gauni limeketi peke yake. Mlango wa mbele ukalia ta!

“Mama, mlango umetufungia!”

“Nimeusikia. Mlango ni wa mbao, na shoka liko uvunguni. Inamisha kichwa, bado upande mmoja.”