Kamera ya Banda la Namono

"Hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini. Itoe," alisema Gidudu.

Magidu mwenye duka akaingiza mkono kwenye beseni, akaitoa kamera ikichuruzika maji kama mtoto aliyeogeshwa. Wote wawili wakaigeukia televisheni juu ya kaunta. Lilionekana dole gumba la Magidu, nene kama ndizi, halafu pua yake na kila kinyweleo kilichomo.

"Inaona," alisema Magidu kwa fahari.

"Inaona," alikubali Gidudu. "Iweke pembeni."

Kazi aliyotumwa na mkewe haikuwa ya mchezo. Vita vya kaskazini vilipokwisha, Gidudu alirudi nyumbani Wanale, chini ya mlima, na buti zake na sufuria moja, akamkuta Namono na mtetea mmoja. Kwa mtetea huyo Namono alipata kuku arobaini, na kwa mayai yao nyumba ikapata mabati. Sasa walikuwa wamebaki kumi na mmoja. Mwizi alikuja siku za mvua tu, na kule mvua hainyeshi kwa adabu. Jana alikuwa amechukuliwa hata Kanali, jogoo mwekundu asiye na mkia, ambaye Namono alimpenda kuliko baadhi ya wakwe zake.

"Leta kamera isiyokufa maji, mzee," Namono alimwambia asubuhi. "Nikiiona sura ya mtu huyo, namvisha manyoya shingoni, namtembeza soko zima. Awe mdogo, awe mkubwa."

Chai ilimpalia Gidudu.

Mbale, mji wao wa karibu, kamera hazikosekani. Lakini yeye alipanda gari mpaka Jinja, kikapu mapajani, kimefunikwa kwa koti lake la mvua la jeshini. Alisema mwizi wa Mbale ana masikio Mbale.

"Na kuku hawapigi kelele, afande?" Magidu aliuliza akifungua boksi la pili.

"Hata kidogo. Kuku ukimtia kichwa chini ya bawa, ukambembeleza mara tatu hivi, analala fofofo. Vitani tulikuwa na vijana hodari wa kazi hiyo."

"Nyinyi maafande! Ndiyo maana marehemu bibi yangu alikuwa akisikia Kiswahili, lugha yenu ya jeshini, kwanza anaficha kuku, halafu ndiyo anaitikia salamu."

Gidudu alicheka, akakisogeza kikapu kwa mguu.

Kamera ya pili ilizamishwa, ikatoka inaona. Gidudu akaomba birika la chai. Wakaifukiza kwa mvuke kama mgonjwa wa mafua. Bado ikaona.

"Pembeni," alisema Gidudu, akijifuta jasho.

Ya tatu Magidu hakutaka hata kuishusha rafuni. "Hiyo ni ya kukaa sebuleni, afande. Haijui mvua."

"Izamishe."

Hawakufika kumi. Picha ilitetemeka, ikamwagika madoadoa kama mchele kwenye ungo, ikazimika. Magidu aliona haya. Aliitikisa, akaipuliza, akaipiga kofi mgongoni. Wapi!

"Nisamehe, afande. Lakini sasa tumejua. Hizi mbili za pembeni, hata ukizitupa mtoni Nile zitakuhesabia samaki. Nikufungie ipi?"

Gidudu alizitazama zile mbili kwa muda mrefu, kwa heshima, kama mtu anayeaga. Kisha akanyoosha kidole kwenye ile iliyokuwa mkononi mwa Magidu.

"Hiyo."

"Hii? Afande, hii imekufa!"

"Ifunge vizuri," alisema Gidudu, "isipate vumbi njiani."

Ndani ya kikapu, chini ya koti la mvua, Kanali akawika.