Kikombe Chenye Maua

Ciakuthii alimsikiliza binti yake hadi mwisho. Alinyanyuka polepole, akafungua kabati la vioo, akatoa kikombe chenye maua.

Maxine alishtuka. Tangu utotoni, katika nyumba hiyo ya juu ya Nkubu, aliviona vikombe vile vikitoka mara mbili tu: padri alipokuja kubariki nyumba, na wazee kutoka Manyatta walipokuja kumposa. Siku nyingine zote yeye na kaka yake Koome walinywea vikombe vya bati vilivyobanduka rangi. Aliyethubutu kugusa kabati alikiona cha mtema kuni.

Walibishana miaka mingi, mama na binti. Maxine alisema kitu kizuri kisichotumika ni takataka yenye maua. Mama alisema kila chombo kina kazi yake, basi. Na kwa kweli vikombe vyenyewe vilikuwa vya ovyo, vimetengenezwa na mtu asiyekunywa chai. Mkono wa kikombe haupitishi kidole, na ukipiga mafunda matatu umemaliza.

Leo Maxine hakuwa na nguvu ya kubishana. Alikuwa ametoka Manyatta alfajiri na begi moja, akaiacha ndoa ya miaka tisa. Alikuwa amemweleza mama yote, hata yale ya aibu, kisha akamwuliza kama anaweza kurudi kuishi nyumbani. Hakuwa na pengine pa kwenda.

Na sasa mama alikuwa akimmiminia chai katika kikombe cha maua. Maxine alikishika kwa vidole viwili, kikamchoma, akacheka huku machozi yakimtoka. Kumbe mama anaweza kulainika.

Koome aliingia kutoka kuchuma majani chai, akajaza kikombe chake cha bati. Alipoona alichoshika dada yake, aliinamisha kichwa, akaenda kunywea nje.

Maxine alimaliza chai. Mwili ulikuwa mzito bado, lakini moyo ulikuwa umetua. Akakusanya vyombo kama alivyofanya tangu akiwa darasa la kwanza, akaelekea kwenye karai la kuoshea.

Ciakuthii alimfuata, akamwondolea kile kikombe mkononi taratibu.

"Wacha, Maxine," alisema bila kumtazama. "Wageni hawaoshangi vyombo."